Kebo ilipungua kilo, nguzo ikazidi kuvutwa: kisa cha jaketi la povu

Mteja alitaka kitu kimoja tu, kebo nyepesi. Ni kampuni ya intaneti, inasambaza faiba mitaani kwa kupitisha juu kwenye nguzo za kukodi, na kila wakiongeza kebo nguzo za kona zinaanza kuinama, mwenye nguzo anawapigia makelele. Mtu wao wa ufundi akaja kiwandani na kipande cha kebo yetu mkononi, akakitupa mezani, akasema hii kitu nzito bwana, mkinipunguzia uzito hata asilimia kumi mzigo wote wa mradi nachukua kwenu. Mimi kazi yangu ni ekstruda, mashine inayoyeyusha plastiki na kuivisha kebo, na kila kinachopita ndani yake, habari za majaketi ya povu, yaani ganda la nje la kebo lililojaa vipovu, nilikuwa nimezisoma kitambo nazitamani, nikaona hapa ndo pa kuonyesha umwamba. Nikamjibu inawezekana. Sikumuuliza swali hata moja, na hilo tutalirudia maana ndo lilinigharimu.

Kebo yenyewe ya kawaida kabisa, nyuzi 24. Katikati kuna fimbo ya faibaglasi, inazungukwa na mirija minne yenye jeli na nyuzi sita sita za kioo ndani pamoja na fila mbili za kujazia nafasi, juu yake nyuzi za aramidi zile za njano ambazo ndo zinabeba mvuto wote, halafu jaketi jeusi la poliethilini, kwa kifupi PE. Kipenyo cha nje milimita 11, unene wa jaketi milimita 1.6. Ukipiga hesabu ya mkato, jaketi lina kama milimita za mraba 47, na PE nyeusi ina gramu kama 0.95 kwa sentimita ya ujazo, kwa hiyo jaketi peke yake ni kilo 45 kwa kilomita wakati kebo nzima ni kilo 95. Karibu nusu ya uzito ni ganda! Sasa ukiambiwa upunguze uzito utashika wapi? Aramidi huigusi, faiba huigusi, fimbo huigusi. Inabaki plastiki, na plastiki unaweza kuijaza hewa.

Kujaza hewa kwenye plastiki ya kebo si jambo jipya. PE yenyewe ilipatikana mwaka 1933 maabara ya kampuni ya kemikali ya ICI pale Winnington, Uingereza, kwa bahati tu wakati wanajaribu mambo mengine chini ya presha kubwa, na vita vilipofika ikawa ndo inavishwa kebo za rada. Baadaye watu wa koaksho, zile kebo kama za antena ya TV, wakagundua kwamba ukiiumua ile PE inayozunguka waya wa katikati signo inakwenda kasi zaidi na inapotea kidogo: kwenye PE ngumu, isiyo na povu, signo inatembea kwa asilimia 66 hivi ya kasi ya mwanga, kwenye ya povu inavuka 80. Kebo za simu za shaba nazo zilitumia ujanja huo, povu ndani na ngozi nyembamba ngumu juu. Ila angalia, povu la hizo zote liko ndani, limefunikwa, limekaa kama mtoto mgongoni kwa mama yake. Jaketi la nje ndo linalopigwa jua, linaburuzwa kwenye lami na linabanwa na klampu. Hii tofauti niliijua kwa kichwa tu, kwa mikono nilikuwa bado.

Namna ya kuumua plastiki ziko kama tatu. Ya kwanza ni kuingiza gesi yenyewe, nitrojeni au kaboni dayoksaidi, kwa presha kubwa moja kwa moja kwenye bareli, ile silinda ya moto ya ekstruda, na hii ndo ya wakubwa, inatoa vipovu vidogo sana na vya kulingana lakini inataka skrubu maalum na pampu ya bei mbaya, sisi hatuna. Ya pili ni vipulizo vidogo vidogo vya plastiki vyenye gesi ndani, ukivipasha vinavimba kama puto, vizuri lakini ghali. Ya tatu ni dawa ya kemikali unayochanganya na punje za plastiki, ikipata joto inatoa gesi. Kwa kifupi ni hamira. Na kwa aina moja sitanii, maana ni bikabonati ya soda na asidi ya sitriki, vitu vilevile vya baking pauda ya dukani, vinatoa kaboni dayoksaidi na maji.

Aina nyingine ya kemikali ni azo, jina lake kamili azodikabonamidi, poda ya njano inayoelekea rangi ya chungwa. Gramu moja inatoa gesi kama mililita 220, inaoza kwenye nyuzi joto 200 na kidogo, ukiichanganya na zinki oksaidi inashuka sana. Kwa hesabu ya karatasi, kuipunguzia kilo moja ya PE robo ya uzito wake kwa ujazo unahitaji gesi mililita 350 tu, yaani hata gramu mbili za azo hazifiki. Ina nguvu kweli. Tatizo vumbi lake linaleta pumu kwa anayelivuta kila siku, Ulaya waliiweka kwenye orodha ya kemikali za kuchungwa tangu Desemba 2012, ingawa Marekani mpaka leo wanaruhusu kidogo kwenye unga wa mkate, hapo sijui niseme nini. Tena inatoa joto wakati inaoza, ukikosea kidogo inajichochea yenyewe. Kwetu wanaojaza hopa, lile faneli la kumiminia punje, wanafanya hivyo kwa mikono na maski zenyewe za kubembelezana, nikakataa azo. Tukachukua bikabonati, iliyotengenezwa tayari kama masterbachi, yaani punje za plastiki zenye dawa ndani, hakuna vumbi. Gesi yake karibu nusu ya azo lakini inafyonza joto badala ya kulitoa, mashine inatulia.

Jaribio la kwanza lilituaibisha kabla halijaanza. Tuliwasha mashine na PE nyeusi yetu ya kila siku bila dawa yoyote ile, nataka tu kupata mstari wa kuanzia, tukakata kipande tukakuta vipovu tayari vimo. Mzee wa mashine, huyu ameshika ekstruda tangu mimi niko shule ya msingi, akakigeuzageuza akaniambia, "Injinia, hamira bado iko kwenye mfuko na unga umeshaumuka." Kumbe unyevu. Kaboni nyeusi, ile asilimia 2.5 hivi inayowekwa ili jua lisiile PE, inapenda sana kunyonya maji, na sisi mfuko tuliufungua juzi yake katikati ya masika ya Dar tukauacha wazi. Kwa jaketi ngumu mvuke mdogo hivyo unapita tu hakuna anayeona, ila mtu anayetaka kupima povu lazima ajue povu lipi ni lake na lipi la mvua. Tukakausha mali kwa hewa ya nyuzi 65 usiku kucha, asubuhi kipande kikatoka safi kama kioo cheusi.

Siku hiyohiyo tukaweka dawa. Hapo ndo nikajua sijui kitu.

Jaketi lilitoka na ngozi ya papa, yaani lina magamba, ukipitisha kucha inakwaruza, na spaki tesa, kifaa kinachotafuta matundu kwa cheche za umeme, ikawa inalia mfululizo kama kengele ya shule maana vipovu vimepasukia nje na kuacha matundu. Kipenyo kwenye leza kinapanda na kushuka, 10.6, 11.4, 10.8. Vijana wa shifti wakaipa jina papo hapo, vitumbua, na jina hilo halijafutika mpaka leo, ukisema kebo ya vitumbua pale kiwandani kila mtu anajua.

Nieleze kilichokuwa kinatokea, maana hapa ndo roho ya kazi nzima. Gesi ikishatoka kwenye dawa ndani ya bareli haitakiwi kuwa povu palepale. Inatakiwa ibaki imeyeyuka ndani ya plastiki ya moto, kama gesi ya soda ndani ya chupa iliyofungwa, na kinachoizuia isitoke ni presha. Kizibo kifunguliwe mlangoni, pale plastiki inapotoka kwenye dai, ule mdomo wa chuma wa mashine, na kifunguliwe ghafla. Presha ikishuka ghafla vinazaliwa vipovu vingi kwa mpigo, vyote vidogo, vinagawana gesi. Ikishuka polepole vinazaliwa vichache mapema vikiwa bado ndani ya dai, vinakula gesi yote vinakuwa vikubwa, halafu vinasuguliwa na ukuta wa chuma vinachanika. Magamba yale ni makaburi yake.

Sasa sisi kwa jaketi huwa tunatumia dai ya mrija, plastiki inatoka kama bomba pana halafu inavutwa na kushushwa juu ya kiini cha kebo. Kwa PE ngumu ni nzuri sana. Kwa povu ni balaa mara mbili: uwazi wake mpana kwa hiyo presha ndogo, na huko kuvuta kunarefusha vipovu mpaka vinapasuka. Mzee ndiye aliyesema tujaribu dai ya presha, ile inayobana plastiki moja kwa moja juu ya kebo, tena tufupishe ule mdomo ulionyooka wa mwisho ili kushuka kwa presha kuwe kwa kasi. Tulikuwa na dai ya zamani stoo, tukaichonga karakana. Presha kwenye kichwa ikapanda zaidi ya maradufu. Joto nalo tukalipanga upya, nyuma kwenye hopa nyuzi 140 ili dawa isiamke mapema na gesi ikatorokea kwenye hopa, katikati tukapandisha hadi 200 iishe kuoza yote, halafu kichwani tukashusha hadi 175 ili plastiki iwe nzito kidogo iweze kushikilia kipovu. Watu wengi wanasahau kushusha hapo mwisho, plastiki ya moto sana ni kama uji, kipovu kinapanda kinapasuka.

Na plastiki yenyewe ikabidi ibadilike. HDPE, yaani PE ya msongamano mkubwa, ina minyororo iliyonyooka, ikivutwa ikiwa ya moto inakatika haraka, haina uvumilivu. LDPE, ya msongamano mdogo, ina matawi marefu yanashikana kama nywele zilizosokotana, ikivutwa inazidi kukaza. Tukachanganya LDPE humo ndani, na ulanga kidogo sana ili vipovu vipate pa kuzaliwa. Hapo ndo vikawa vidogo. Huwezi kuelewa umuhimu wake mpaka uangalie kwa hadubini: kipovu cha milimita 0.4 kwenye ukuta wa 1.6 ni robo ya ukuta mzima, viwili vikipangana umebakiwa na nusu.

Kupoza nako kulitusumbua siku mbili nzima. Povu ni blanketi, joto la ndani halitoki, nje limeganda ndani bado laini, kebo ikifika kwenye mikanda ya kuvuta inabanwa inakuwa bapa kama ndizi. Tukapunguza spidi ya laini, tukaongeza tangi la maji ya vuguvugu mbele ya yale ya baridi. Spidi ikipungua gharama inapanda, hilo nilililalia sikulisema kwenye ripoti ya kwanza, nilikuwa na haraka ya kushinda.

Mwishowe tukafika robo. Jaketi lenye gramu 0.71 kwa sentimita ya ujazo, ngozi laini, spaki tesa kimya, kipenyo 11 kamili. Kilo 11 zimeondoka kwa kila kilomita, kebo imeshuka kutoka 95 hadi 84. Mteja aliomba asilimia kumi, sisi tumempa karibu 12. Nilimpigia simu siku hiyohiyo jioni.

Dada wa maabara alikuwa bado hajamaliza vipimo vyake. Kesho yake akaniita, "Kaka, njoo uone hii kitu yako." Akakata vipande vya umbo la dambeli, akaviweka kwenye mashine ya kuvuta. Jaketi letu la kawaida tunalipima kwa kipimo cha daraja ST7 la kiwango cha kimataifa IEC 60502, ingawa hicho ni kipimo cha kebo za umeme, kwamba likivutwa lisikatike chini ya megapaskali 12.5 na lirefuke angalau asilimia 300. La ngumu linapita hapo huku linapiga mluzi. La povu kwenye nguvu lilikuwa linagusagusa mstari, leo linapita kesho halipiti, na kwenye kurefuka liliangukia mbali kabisa. Sababu haifichiki, kila kipovu ni mahali pa mpasuko kuanzia. Halafu kuna ugumu wa kubanwa na kukunjwa: ukipunguza uzito robo ugumu haupungui robo, unafuata kama mraba wa ule uzito uliobaki, 0.75 mara 0.75 ni 0.56, yaani umepoteza karibu nusu. Kwenye kipimo cha kuponda kebo ilibonyea na haikurudi.

Bado nikajitetea kwamba hiyo ni maabara, tuipeleke nje. Nyuma ya kiwanda kuna nguzo mbili, umbali mita 50, tukaitundika kwa klampu za kabari zilezile mteja anazotumia. Ndani ya wiki tatu za jua, na kebo nyeusi juani mchana hata kuishika huwezi, jaketi ndani ya klampu lilikuwa limeminywa limekuwa jembamba kama ganda la karanga na kebo imeanza kuteleza. Hapa kuna kitu ambacho naona aibu kukiri kwamba sikukifikiria. Kwenye kebo ya aina hii hakuna waya wa chuma wa kuibeba. Klampu inalibana jaketi, jaketi linaibana aramidi, aramidi ndo inabeba. Jaketi ni kiungo cha mnyororo. Mimi nilikuwa nimelichukulia kama nguo, kumbe ni mkono unaoshika kamba, na mkono huo nimeujaza hewa.

Suluhisho la harakaharaka likaja kwenye kikao, tuongeze unene. Kutoka 1.6 hadi 1.9, klampu ishike vizuri. Tukatengeneza, ikashika kweli. Kebo ikawa milimita 11.6. Nikakaa kupiga hesabu ya uzito, jaketi jipya kilo 41, la zamani ngumu lilikuwa kilo 45. Jasho lote lile, dai ya kuchonga, tangi la nyongeza, masterbachi, kilo NNE kwa kilomita, na hazijatimia.

Nikabeba dramu moja ya kebo hiyo hivyohivyo nikaenda nayo kwa mteja, mtaani. Tukasimama chini ya nguzo ya kona ambayo ndo chanzo cha makelele yote. Fundi wao wa nguzo, kijana mwembamba na viatu vya kupandia begani, akaishika kebo mpya akaipima kwa kiganja, akaiangalia unene, akasema, "Bosi, hii si mmeinenepesha?" Nikamwambia ndiyo lakini ni nyepesi. Akacheka. "Nguzo hii siku tulivu imesimama wima, njoo siku upepo wa kusi unapiga ndo utaiona inavyolala. Na tena haina stei, ule waya wa kuivuta upande wa pili."

Nilirudi ofisini sikula. Hesabu ni ya kidato cha nne, ningeifanya siku ya kwanza. Upepo wa mita 25 kwa sekunde, kilomita 90 kwa saa, unasukuma kwa paskali 375. Kwenye kebo ya milimita 11 hiyo ni Nyutoni 4.1 kwa kila mita, wakati uzito wa kebo yenyewe ni Nyutoni 0.93 kwa mita. Ukijumlisha ya pembeni na ya chini kwa pembetatu unapata 4.23. Sasa weka ile kebo yetu ya ushindi ya kilo 84: 4.21. Nusu ya asilimia! Upepo haupimi kilo, upepo unapima unene. Na ile iliyonenepeshwa ya 11.6 ndo kichekesho chenyewe, kwenye span, yaani nguzo hadi nguzo, ya mita 50 uzito tuliopunguza ni kama Nyutoni 1.8, nguvu ya upepo tuliyoongeza ni Nyutoni 11. Tulikuwa tumetengeneza kebo nyepesi inayovuta nguzo zaidi kuliko ile nzito.

Siku tulivu povu linasaidia, nisilinyime haki yake. Span ya mita 50 yenye kushuka nusu mita, kebo ya kilo 95 inavuta Nyutoni 580 na ya kilo 84 inavuta 515. Ila nguzo haianguki siku tulivu.

Basi dawa ya mteja ikawa ni kukonda, si kuumuka. Mirija ya ndani ilikuwa milimita 2.5, tukaishusha hadi 2.0, nyuzi sita zinakaa humo bila shida. Kiini kikapungua kutoka 7.8 hadi 6.4, aramidi ileile, jaketi la PE ngumu milimita 1.5, kipenyo cha nje 9.4. Nguvu ya upepo ikashuka asilimia 14 na ushee. Uzito je? Kama kilo 70 kwa kilomita. Robo ya uzito wa kebo nzima imeondoka, hakuna kipovu hata kimoja. Na nguzo za kona wakazifunga stei, jambo ambalo yule kijana alikuwa analisema kabla mimi sijazaliwa kwenye huu mradi.

Sasa mtu ataniuliza ile dai uliyochonga uliipeleka wapi. Bosi naye aliniuliza, kwa sauti ya juu zaidi.

Tukalifikiria upya kwa kujiuliza ni wapi kebo haina upepo, haina jua, haina klampu, lakini uzito bado unauma. Jibu liko chini ya miguu yetu, kwenye mabomba ya ardhini. Ukivuta kebo ndani ya bomba, nguvu unayohitaji ni uzito mara msuguano mara urefu, uzito umo moja kwa moja, na kila kona inazidisha kilichokwisha kusanyika. Chukua msuguano wa 0.2, kona ya nyuzi 90 inazidisha kwa 1.37. Kebo ya kilo 95 kwenye mita 1000 zilizonyooka inataka Nyutoni 186, ukiweka kona tatu mwishoni inafika 478. Hapo kila kilo uliyoitoa inarudi na faida yake.

Kwa hiyo tukarudia, safari hii kwa adabu. Tulikuwa na ekstruda ndogo ya pembeni ya kuchora mstari wa rangi kwenye kebo, tukaifanya itoe ngozi nyembamba ya HDPE ngumu milimita 0.3 juu ya povu la 1.3, vyote vinatoka kwenye kichwa kimoja kwa pamoja. Ujanja uleule wa kebo za simu za zamani. Ngozi inafunika matundu, inateleza ndani ya bomba, inachukua mikwaruzo, na povu linakaa ndani linapostahili. Tulipoteza kidogo, kilo 86 badala ya 84, ila kwenye zile mita 1000 na kona tatu inatoka 478 inakuja 433. Kwa wale wanaovuta kwa mikono shimo hadi shimo hiyo ni tofauti wanayoisikia mgongoni. Kurefuka kwa jaketi nako kukapanda, bado si kama la ngumu, nimeandika hivyo kwenye karatasi ya bidhaa kwa herufi za kawaida si zile za chini kabisa za kujificha: marufuku kutundikwa, marufuku klampu ya kabari.

Kwenye pesa usitegemee muujiza. Plastiki inayookolewa ni kilo 9 hivi kwa kilomita, masterbachi ya dawa ni ghali kuliko PE kwa kilo, na laini inakwenda taratibu. Ukizijumlisha zote mfukoni unabaki na kidogo. Mwenye kuniambia anaingia kwenye povu ili aokoe plastiki nitamwuliza kwanza skrapu yake ya mwezi wa kwanza ilikuwa kilo ngapi, yetu ilijaza kontena la nyuma, na skrapu ya povu kuirudisha kwenye mashine ni tabu maana ina mabaki ya dawa, inaumuka tena pasipo kuambiwa.

Lililobaki ni panya. Jaketi la ngumu wanalitafuna wakiwa na njaa, hili la povu ninaogopa watalitafuna kwa starehe. Mwezi uliopita tulifunga vipande vitatu ndani ya shimo moja la kebo ambalo mafundi wanaliogopa kwa sababu hiyo, kimoja ngumu, kimoja chenye ngozi, na kimoja vitumbua vya siku ile ya kwanza. Mzee wa mashine ameweka dau la soda kwenye vitumbua. Tunafungua mfuniko Jumamosi.